Mume wangu mvuvi hasali na mimi, je amepoa?

Shikamoo Mama, Bwana Yesu asifiwe sana. Naomba usinitaje jina, niite tu Mke wa Kibirizi, maana hapa Kigoma tunajuana na hili jambo tayari lilishanitoka mdomoni mara moja likanirudia vibaya, utaona huko mbele.

Mimi nina miaka 24, mume wangu ana 29, tulifunga ndoa mwezi wa 11 mwaka 2024 kwa hiyo ndo kwanza tuna miezi minne. Ni mvuvi wa dagaa. Uchumba wetu ulianza kile kipindi serikali imefunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, na nikwambie ukweli Mama, yule kaka alikuwa wa moto. Ibada ya Jumatano yupo, mkesha wa Ijumaa yupo tena anakaa mbele, Jumapili anawahi kupanga viti kabla hata wazee wa kanisa hawajafika. Wamama wakawa wananiambia binti umepata mume kutoka kwa Bwana, na mi niliamini hivyo na nikamshukuru Mungu kwa machozi.

Kwenye mafundisho ya ndoa tulifundishwa kuhusu madhabahu ya familia, kwamba mume na mke wanaamka saa kumi na moja alfajiri, mume anasoma neno anaongoza maombi, mke anaitikia, halafu ndo siku inaanza. Niliandika yote kwenye daftari na tulipohamia chumba chetu nikatengeneza ratiba nikaibandika ukutani pale juu ya kitanda, nimeiandika kwa kalamu nyekundu, jina lake na langu.

Sasa hali halisi ni hivi. Wakati wa giza, yaani siku ambazo hakuna mbalamwezi, mume wangu anaondoka kwenye saa kumi na moja jioni, anashuka mwaloni pale mitumbwi inapoegeshwa, wanaingia ziwani na taa zao usiku kucha, wanarudi asubuhi, mpaka washushe dagaa, wauze, wapigiane hesabu na tajiri wa mtumbwi, anafika nyumbani saa tatu saa nne huko macho mekundu, ananuka dagaa na mafuta ya injini. Anaoga, anakula, analala. Nikimwambia tuombe kidogo kwanza anasema "omba wewe mke wangu mi naitikia" na kabla sijafika amina keshaanza kukoroma. Jumapili ndo hivyo hivyo, ibada inaanza yeye ndo anafika kutoka ziwani. Saa kumi na moja alfajiri napiga magoti peke yangu mbele ya ile ratiba na moyo unauma.

Nikajipa moyo kwamba mbalamwezi ikifika, maana mwezi ukiwa mkubwa hawaendi kuvua dagaa, atakuwa nyumbani na tutaomba kama zamani. Mwezi wa pili ikawa bahati mbaya imeangukia kwenye mfungo wa kwaya, siku 7, tunafungua saa kumi na mbili jioni, na ndani yake kuna mikesha miwili. Siku ya mkesha wa kwanza nilitoka kwenye kibanda changu cha vitenge nikaunganisha kanisani, tukafungulia uji palepale, tukafanya zoezi mpaka usiku, tukaingia mkesha. Nimerudi saa kumi na moja alfajiri nakuta taa inawaka, mezani kuna sahani imefunikwa na sahani nyingine, kufunua, mgebuka mzima wa mawese na ugali wa muhogo pembeni, vyote vimepoa, mawese yameganda. Yeye amelala kwenye kochi na nguo zake. Mama mi nilikasirika! Anajua kabisa niko kwenye mfungo, anapikaje samaki? Niliona kabisa adui anamtumia anijaribu. Asubuhi nikampa jirani lile sahani lote. Mume wangu aliangalia tu, hakusema neno.

Wiki iliyofuata kwenye maombi ya wamama wakauliza nani ana hitaji, nikasimama nikasema niombeeni, mume wangu amepoa, amerudi nyuma, ziwa limemchukua. Nililia sana na waliniombea vizuri. Haikupita siku tatu maneno yamefika mwaloni, wenzake wakamwambia mkeo kakupeleka maombini kama mgonjwa. Alirudi nyumbani akakaa kitandani akasema "umenitangaza. Ungeniambia mimi." Basi. Tangu siku hiyo ni siku kumi sasa, ananijibu vizuri tu, ndiyo, hapana, asante kwa chakula. Hagombi. Bora angegomba.

Naomba unisaidie Mama, nimwombee maombi ya namna gani arudi kama alivyokuwa mwanzo? Na je niache kwaya? Mimi ndo naongoza sauti ya kwanza na Pasaka iko karibu, tuna nyimbo mpya. Mama mkwe naye ananiambia mke wa mvuvi hana nafasi ya vikwaya, na mimi hilo neno "vikwaya" liliniumiza sana.

Mke wa Kibirizi, Kigoma

-----

Marahaba mwanangu, amina, asifiwe milele.

Barua yako nimeisoma mara tatu na mara zote tatu nimekwama palepale, kwa yule mgebuka. Hebu rudi usome ulichoandika mwenyewe. Umesema mfungo wenu mnafungua saa kumi na mbili jioni. Na umesema siku hiyo ulitoka kazini ukaunganisha kanisani, ukafungulia uji huko huko. Je, yeye alijua habari ya uji? Ulimpigia simu hata kumtumia meseji kwamba leo sirudi kufungua nyumbani? Kwa nilivyokuelewa hukumwambia. Kwa hiyo mwanangu yule kijana hakukupikia samaki akujaribu, alikupikia ufungulie. Mwanaume anayeshinda na samaki mchana na usiku, wiki yake moja ya kupumzika, ameenda akatafuta mgebuka, akamparua, akaweka mawese, akasonga ugali, akakaa akisubiri geti ligongwe. Saa moja, saa tatu, saa sita. Akaufunika kwa sahani asije nzi. Akapitiwa na usingizi na nguo zake. Alafu asubuhi anaona sahani lake linavuka uzio kwenda kwa jirani.

Nakuandikia haya sio kukuumiza, ila nataka uone kwamba kuna jambo umelisoma kinyume, na ukishalisoma kinyume hilo moja mengine yote yanafuata.

La pili ambalo nadhani hujaliona. Wewe ulichumbiwa ziwa limefungwa. Ile miezi mitatu ya 2024 hakuna mtu aliyekuwa anaingia ziwani, vijana wote wa mwaloni walikuwa nchi kavu, usiku wanalala kama watu wengine, hela ilikuwa ngumu ila muda walikuwa nao tele. Huyo aliyekuwa anapanga viti ni huyu huyu, sasa ameenda kazini. Hajabadilika moyo, imebadilika ratiba, na hiyo kazi ndo iliyolipa mahari na ndo inayolipa hicho chumba ulichobandika karatasi ukutani. Unapoomba Mungu amrudishe awe kama mwanzo, kwa maneno mengine unamwombea akose kazi, na najua hilo silo unalolitaka.

Sisemi mafundisho ya ndoa yalikosea. Kuomba pamoja ni jambo kubwa, mimi naliamini kwa moyo wote na ningekuwa mbele yako ningekushika mikono nikakwambia usije ukaliacha. Ila saa kumi na moja alfajiri haiko kwenye Biblia kama amri. Ile ni saa inayofaa kwa mwalimu, kwa karani, kwa mwenye duka. Kwa mvuvi wa dagaa saa kumi na moja alfajiri ndo yuko katikati ya maji na wavu mkononi. Madhabahu ni yenu wawili na mtaiweka mahali mnapokutana.

Nikupe kisa changu. Mume wangu alikuwa mtu wa reli, anafanya kazi kwenye treni ya Tabora kuja Kigoma, anaondoka leo harudi mpaka keshokutwa. Nimeolewa nikiwa Tabora, binti wa kanisani kama wewe, sauti ya pili mimi. Mwaka wa kwanza akirudi tu kutoka safari namwambia tupige magoti, naomba kwa sauti, naombea nchi, naombea wagonjwa, naombea ukoo wote, na yeye yuko kimya pembeni nikadhani anaitikia moyoni. Siku moja nimemaliza nikafumbua macho, amelala, magoti chini, kichwa juu ya godoro, na mikono bado ina grisi kwenye kucha. Nilimwangalia kama dakika tano nzima. Kuna bibi jirani yetu, naye mumewe alikuwa wa reli miaka mingi, nikamweleza nikidhani atanihurumia, akaniuliza swali moja tu, "ulimpa chakula kwanza?" Sikuwa nimempa.

Sasa fungua Yohana sura ya 21. Petro na wenzake ni wavuvi kama mumeo, wamevua usiku kucha hawajapata kitu, kunapambazuka wanamwona mtu amesimama ufukweni hawajui ni Yesu. Baada ya wavu kujaa wanashuka nchi kavu, wanakuta nini? Moto wa makaa, samaki juu yake na mkate. Bwana amefufuka, ana mambo mazito ya kumuuliza Petro, Petro huyu amemkana mara tatu, lakini hakuanza na hayo. Aliwaita waje wale kwanza. Soma mstari wa 15 taratibu, imeandikwa kwamba walipokwisha kula ndipo alipomuuliza Simoni kama anampenda. Mimi huo mpangilio naurudia kila nikiongea na wake wa wavuvi, wa madereva, wa walinzi wa usiku, manesi pia na waume zao. Mtu ametoka usiku, mpe chakula, mengine yapo.

Na nikuulize, umewahi kushuka mwaloni asubuhi mitumbwi inaingia? Nenda siku moja na chupa ya chai. Hujaenda kumchunga, nenda ukaone tu. Uone wanavyotetemeka na baridi ya alfajiri, uone wamama wanavyogombania beseni, uone mumeo anavyohesabiwa hela yake. Nadhani ukirudi hutaandika tena neno "amepoa".

Kuhusu kuomba, fanyeni hivi. Wakati wa giza msiombe akirudi, ombeni akitoka. Saa kumi na moja jioni anapochukua koti na tochi, simameni mlangoni, mshike mkono, msome Zaburi ya 107 kuanzia mstari wa 23, ile inayoongelea watu wanaoshuka majini kufanya kazi zao na dhoruba inavyotulizwa wakafikishwa bandarini. Maombi yawe ya dakika mbili, aombe yeye, wewe uitikie, aende. Mvuvi anaingia maji yenye upepo hajui atarudije, hayo maombi ya mlangoni hatalala usingizi, nakuhakikishia. Na ile saa kumi na moja ya alfajiri endelea nayo wewe, umwombee akiwa huko, ila itoe ile karatasi ukutani. Imekuwa kama hati ya mashtaka juu ya kitanda chenu, na mtu hawezi kupumzika chini ya mashtaka.

Mbalamwezi ikifika hapo sasa ndo muda wenu. Neno lote mnalotaka kusoma, maombi marefu, matembezi, kwenda kuwasalimia wazazi, na mambo ya mke na mume ambayo sina haja ya kuyaeleza hapa kwa kirefu. Mtume Paulo kwenye 1 Wakorintho 7:5 anasema msinyimane isipokuwa mmepatana, kwa muda, ili mpate nafasi ya kusali, kisha mrudiane. Hilo neno "mmepatana" ndo naomba ulishike. Mfungo wa siku saba na mikesha miwili, ukapanga mwenyewe na kwaya bila yeye kukubali, tena kwenye siku chache pekee ambazo anazo usiku wa kulala nyumbani kwake, hapo hamkupatana mwanangu. Ulipatana na kwaya.

Kwaya usiache. Mungu amekupa sauti na sitaki uingie kwenye ndoa uanze kumchukia mumeo kwa kitu alichokunyang'anya wakati hajakunyang'anya. Lakini ukipitia Kumbukumbu la Torati 24:5 utakuta mwanaume aliyeoa karibuni alisamehewa vita na shughuli zote mwaka mmoja, akae nyumbani amfurahishe mkewe. Vita yenyewe ilisubiri! Sasa kama taifa liliweza kumpa bwana harusi mwaka mzima, mwalimu wa kwaya anaweza kukupa ruhusa ya zile siku za mbalamwezi. Chukua kalenda, mwezi unajulikana, zungushia hizo siku mpaka Pasaka, mpelekee mwalimu umwambie siku hizi sitakuwepo zoezini, nyimbo nitajifunza kwenye simu. Wakati wa giza imba mpaka usiku, nyumba haina mtu. Akikataa, basi sauti ya kwanza ipate kiongozi mwingine mpaka mwaka wenu wa kwanza uishe, na hautakuwa umepotea.

Mama mkwe usimjibu lolote kuhusu hilo neno. Ameongea vibaya ila amelea mvuvi na huenda ameolewa na mvuvi, anajua nyumba inavyokaa tupu usiku. Siku ukiwa na nafasi muulize yeye alifanyaje. Utashangaa.

Na kama mumeo atasomewa hii, kijana wangu, na wewe nina neno na wewe. Kukaa kimya siku kumi nako ni kumtangaza mwenzako, unamtangaza kwa kuta. Ulisema "ungeniambia mimi", ni kweli kabisa, sasa na wewe mwambie ulivyoumia na habari ya samaki, mwambie kwa mdomo, asiisome kwangu. Na Jumapili za mbalamwezi usilale, nenda kanisani ukae naye benchi moja mchana kweupe, watu waone. Uliahidi mbele ya madhabahu na yeye aliona mtu anayependa nyumba ya Mungu, usimfanye ajione alidanganywa. Naomba pia wachungaji wa huku pembeni ya ziwa walifikirie hili, waume wengi wa washirika wenu wanavua usiku, ibada ya jioni moja tu siku za mbalamwezi ingewapata wengi ambao mnawahesabu wamerudi nyuma.

Limebaki lile la wamama, na hili ndo zito kuliko yote. Kuombewa sio kosa, ila ulichotoa pale halikuwa hitaji lako, ilikuwa siri ya mwanaume na hukumu juu yake, na yeye hayupo kujitetea. Ungesema niombeeni mimi, najifunza kuwa mke, ninaumia upweke, ingekuwa kweli na hakuna mtu angeipeleka mwaloni. Kwa hiyo una sehemu mbili za kwenda. Kwa wamama utasimama palepale uliposimama, useme nilikosea, mume wangu hajapoa, anafanya kazi ya usiku na mimi sikumwelewa, yaishe, usiongeze maelezo. Usilie sana siku hiyo, ongea tu.

Lakini kabla ya wamama anza naye. Asubuhi shuka sokoni utafute mgebuka mkubwa, mpike kwa mawese, songa ugali wa muhogo, usimpe kwenye hotpoti, kaa umsubiri. Akifika mwache aoge. Kaa naye mezani ule naye kwenye sahani moja. Usitaje maombi, usitaje kwaya, usitaje siku kumi. Akishamaliza kula na kunawa mikono ndo umwambie, "yule samaki wa siku ile ulinipikia nifungulie, na mimi nikampa jirani. Nisamehe."